Sauti ya Januari

"Enyi wakazi wa Rasi Namela, wenye kamba na wenye nyavu, wakubwa kwa wadogo. Bahari imeamka. Shule yenu, kwa unyenyekevu na taadhima, inawaletea hali yake."

Sauti ya Dada Mkuu, Tekla Nambunga, ilitoka katika vipaza sauti vinne vya mnara wa shule, ikapita juu ya mabweni na bwalo, ikateremka hadi ufukweni ambako wanawake walikuwa wamesimama na ndoo zao wakisubiri. Ilikuwa sauti ya kufungulia bunge. Kisha, kwa kuwa Tekla alisahau kuachia kitufe, Rasi nzima ikamsikia akiuliza kama uji wa leo una sukari, na ikasikia sauti nyingine ikimjibu kwamba sukari ipo, ila iko kwenye uji wa walimu.

Sauti hiyo ya pili ilikuwa ya Saumu Nandonde wa kidato cha tatu B. Kisa hiki ni chake. Wakati huo, akiwa wa zamu ya mashine, alikuwa amesimama nyuma ya Tekla, mikono mgongoni, uso umetulia kama wa mtu aliyekuja kutoa pole.

Nyuma yao, ndani ya kabati la kioo, Kinanda kilikuwa kikinywa maji. Kilikuwa na bomba refu lililoshuka hadi chini ya gati, na kila asubuhi kilivuta kikombe kimoja cha bahari na kukipitisha tone kwa tone mbele ya jicho lake. Ndani ya kila tone mlikuwa na planktoni, vijimea na vijidudu ambavyo macho ya mtu hayavioni. Kinanda kilikipiga picha kila kimoja, kikakitambua, kikakipa mlio wake. Zikiwemo aina mia majini, ilisikika milio mia. Zikiwemo tano, ilisikika mitano.

"Leo tuna aina ishirini na tatu," akasema Tekla, safari hii harakaharaka, masikio yakimwaka, akafungua sauti.

Ilikuwa Mei. Masika yalikuwa yamepiga wiki tatu mfululizo, na Mto Lukwila ulikuwa ukimwaga baharini maji matamu ya kahawia pamoja na mbolea ya mashamba yote ya bara. Chumvi ilikuwa imepungua. Wale viumbe wapole, wanaotaka bahari tulivu, vuguvugu na yenye chumvi yake, walikuwa wameshajiondokea. Waliobaki ni walafi wachache waliojikuta karamuni. Kwa hiyo uliotoka mnarani ulikuwa mlio mkavu, kama bwalo siku ya likizo wanapobaki wasichana watatu waliokosa nauli, na chini yake, kwa mbali, ulisikika ule mzito ambao shule nzima iliuita Mkoromo.

Mkoromo ulikuwa wa kijimea chekundu chenye mikia miwili. Kikiwa na wenzake mia hakina neno, kinakula kidogo na kusukumwa huku na huku. Kikibaki peke yake na mbolea yote ile, kinajaa bahari nzima, na chaza, ambao kazi yao ni kunywa bahari kutwa kucha, wanaiweka sumu yake ndani ya nyama zao. Ukiwachemsha sumu ipo. Ukiwakaanga ipo.

Wanawake wa ufukweni walisikiliza dakika nzima, wakageuza ndoo tupu, wakarudi makwao.

Zamani taarifa hizo zilikuwa zikija kwenye simu, kwa michoro. Ilikuwa michoro sahihi kabisa, na hakuna mtu aliyeisoma. Mwaka ule watu tisa wa Rasi walipokufa kwa chaza, kila mmoja akiwa na mchoro mwekundu mfukoni, ndipo ilipoamuliwa kwamba bahari ipewe sauti na shule ipewe zamu ya kuitoa. Hiyo ni miaka ishirini na miwili. Tangu hapo hajafa mtu.

*

Jumatatu iliyofuata alikuwa anakuja mgeni rasmi, Afisa Mkaguzi wa Mamlaka ya Ukanda wa Pwani, Bwana Mtepa. Shule ilipaka chokaa mawe. Mawe ya njiani, mawe ya bustani, na hata mawe yaliyokuwa yamejikalia tu porini bila kumkosea mtu. Tekla alijifungia bafuni siku nne mfululizo, mswaki mkononi kama kipaza sauti, akifanya mazoezi ya tangazo. Saumu alimsikiliza kutoka upande wa pili wa mlango na kuhesabu mara ambazo neno "taadhima" lilitamkwa. Alipofika thelathini na moja, wazo likamjia.

Shule ilikuwa na rekodi moja iliyojulikana na kila msichana, ya tarehe kumi na nne Januari, siku bahari ilipovunja rekodi zake zote: aina mia moja arobaini na saba. Maji ya Januari yalikuwa ya moto, yametulia, chumvi imekolea, mto umelala. Hakuna aliyekuwa na chakula cha kutosha kumzidi mwenzake, kwa hiyo kila aina ilipata pa kukaa. Ukiusikiliza mlio wake ulikuwa kama bweni zima dakika moja kabla matroni hajaingia.

Mpango wa Saumu ulikuwa mwepesi. Angechomeka kadi iliyohifadhi rekodi hiyo ya Januari kwenye tundu la majaribio la Kinanda. Skrini ingeonyesha mia moja arobaini na saba. Tekla angeisoma kwa taadhima zake zote. Hata mtoto wa kidato cha kwanza anajua kwamba Mei bahari haijawahi kuvuka sitini, kwa hiyo ndani ya dakika tano mtu angecheka, kisha wote wangecheka, Tekla angegeuka mwekundu kama Mkoromo wenyewe, na Saumu angejitokeza, angeinama mbele ya hadhira, angefyeka nyasi wiki mbili. Nyasi alikwisha zizoea.

Siku ikafika. Alichomeka kadi.

Tekla alipoitazama skrini, Saumu aliiona shingo yake ikikakamaa. Alikuwa ameiona namba na kuijua kuwa haiwezekani. Lakini Bwana Mtepa alikuwa amesimama hatua moja tu kutoka kwake, ratiba ya hafla mkononi, na kwenye ratiba imeandikwa: saa moja na nusu, tangazo la bahari. Tekla akasoma.

"Aina mia moja arobaini na saba."

Januari ikamwagika kutoka mnarani. Kwa sekunde mbili uwanja ulikuwa kimya, wasichana mia nne wakitazamana. Hizo ndizo sekunde ambazo kicheko kilitakiwa kuja. Badala yake Bwana Mtepa, pale dirishani mnarani, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika na kupiga makofi. Madam Likwata, mkuu wa shule, akamwona mgeni anapiga, naye akapiga. Walimu wakapiga. Na mgeni rasmi akishapiga makofi, ni mwanafunzi gani atakayebaki amekunja mikono? Wakapiga wote mia nne, na asiyejua ni kwa nini akapiga zaidi.

Saumu alifungua mdomo. Wakati huo huo Bwana Mtepa akaushika mkono wake, akamwuliza kama yeye ndiye fundi wa zamu, akampongeza, akaanza kueleza jinsi taifa linavyowategemea vijana wa aina yake. Saumu akafunga mdomo. Alijiambia atamweleza Tekla hotuba zikiisha.

Kutoka kwenye dirisha la mnara ufuko ulionekana wote. Aliwaona wanawake wakijifunga khanga viunoni na kuingia majini, wakielekea kwenye kamba zao za kufugia chaza. Walikuwa hawajaingia wiki tatu na walikuwa wakitembea haraka. Saumu alijiambia hawatafika mbali. Bi Somoe, aliyemfundisha kuisikiliza bahari, yupo pale, na Bi Somoe atajua.

Hotuba zilichukua saa mbili.

*

Bi Somoe Likulile alikuwa mwenyekiti wa wenye kamba, na kila Jumamosi alikuwa mwalimu wa Saumu. Shule ilichagua wasichana sita wenye masikio mazuri wakajifunze kwake, na Saumu alichaguliwa, kwa mshangao wa walimu wote, kwa sababu aliweza kuiga mlio wa aina themanini kwa kinywa. Bi Somoe hakujua majina ya kitabuni. Yeye alikuwa na ya kwake. Yule mwenye mlio wa juu, mwembamba, kama kijiko kwenye bilauri, alimwita Bi Harusi, kwa kuwa anachagua: chumvi ikipungua kidogo tu haonekani. Kulikuwa na Mpiga Chapuo, na Wapwa Saba, na Mzee wa Kikohozi. Alizifundisha tabia zao kama mtu anayesengenya majirani.

Hafla ilipokwisha, jikoni walimtuma Saumu na ndoo akalete chaza wa mgeni rasmi. Alikwenda mbio, kwa sababu zake mwenyewe.

Aliwakuta wanawake wameketi kwenye mchanga, vikapu vimejaa mbele yao, wakisuka ukili. Hakuna aliyekuwa amegusa kikapu. Ilikuwa desturi ya Rasi tangu mwaka wa wale tisa: mavuno ya kwanza baada ya kufungwa, hauzi mtu wala hali mtu mpaka mwenyekiti ameonja watatu na kukaa saa nzima. Waliiita zamu ya Bi Somoe, na kila mara walimtania kwamba ndiyo sababu yeye peke yake amenenepa.

Bi Somoe alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, amewapa mgongo. Ukili ulikuwa umemdondoka mkononi.

"Bibi," Saumu akasema, pumzi juu, "msile. Bibi, bado hujaonja?"

"Nimeonja." Alisema polepole, kama mtu aliyetoka kung'olewa jino. "Midomo imelala, mjukuu wangu. Na vidole. Najiona kama naelea." Kisha akawageukia wenzake, akayapanga maneno kwa shida, moja moja. "Mwageni. Vyote. Rudisheni majini."

Vikapu kumi na vinne vikamwagwa. Kwa hesabu ya baadaye, ndani yake kulikuwa na chakula cha jioni cha karibu kila nyumba ya Rasi, na cha mchana cha meza ya mgeni rasmi.

Saumu alikimbilia bustani ya shule, akalichukua toroli, akamlaza Bi Somoe ndani yake na kumsukuma hadi zahanati, kilomita moja na nusu, vilima viwili, wanawake wawili wakishika pembeni asianguke. Kwenye kilima cha pili Bi Somoe aliacha kuongea. Kwenye mlango wa zahanati alikuwa anavuta pumzi kama mtu anayekumbushwa kila mara. Muuguzi alimwona tu, akaita mwenzake, wakamwingiza mpira kooni na kumfunga kwenye mashine ya kupumulia. Alimwambia Saumu kwamba sumu ile haina dawa, mwili huitoa wenyewe, kazi ya mashine ni kumpumulia mpaka itoke. Kama wangechelewa robo saa, alisema, wangekuwa wanazungumza mambo mengine.

Saumu aliketi kwenye benchi la nje. Mikono yake ilinuka samadi ya toroli. Kadi ya Januari ilikuwa mfukoni mwa sketi yake. Aliichomoa kwenye Kinanda wakati wa hotuba, na alikuwa akiigusagusa kila dakika, kama mtu anayeupapasa uvimbe.

*

Sasa ikafuata sehemu ambayo Saumu hakuipanga kabisa.

Jumanne, kwenye gwaride, Madam Likwata alimwita mbele. Alieleza jinsi mwanafunzi wa kidato cha tatu, ambaye jina lake, lazima tuseme ukweli, huwa tunalisikia kwenye mambo mengine, alivyokimbilia ufukweni mwenyewe, akazuia watu wasile, akamwokoa bibi wa watu kwa toroli. Alikabidhiwa cheti. Kilikuwa kimeshapigwa plastiki. Wasichana wakaamriwa makofi ya kilo, wakampigia kilo tatu.

Saumu alisimama na cheti kifuani. Katika maisha yake ya shule alikwisha simama mbele ya gwaride mara kumi na moja, zote kwa kuadhibiwa, na hata mara moja hakuwahi kutamani ardhi ipasuke. Siku ile alitamani.

Kisha Bwana Mtepa, ambaye alikuwa ameahirisha safari yake, akasoma taarifa yake ya awali. Kinanda kimechoka. Kimesikia bahari ya aina mia moja arobaini na saba mahali ambapo kipimo cha mkono kilichochukuliwa jioni ile kimekuta aina kumi na nne, na kati ya hizo moja peke yake ni robo tatu ya viumbe wote. Kifaa cha namna hiyo ni hatari kuliko kutokuwa na kifaa. Kitang'olewa Ijumaa. Kuanzia hapo Rasi itafuata setilaiti, inayotazama rangi ya bahari kutoka juu. Alikiri kwamba karibu na mdomo wa mto setilaiti haioni vizuri, tope linaichanganya, na wala haijui kuhesabu aina. Kwa hiyo, kwa usalama wa wananchi, maji ya Rasi yatafungwa moja kwa moja kuanzia Machi hadi Septemba, kila mwaka.

Machi hadi Septemba. Saumu alikuwa amekaa na wenye kamba Jumamosi za kutosha kujua maana yake. Ndani ya miezi hiyo kuna wiki nyingi njema, wiki ambazo mto unapumzika, chumvi inarudi, milio inaongezeka mmoja mmoja, na wanawake wanajua saa hasa ya kuingia. Setilaiti isingewapa wiki hizo. Nusu ya mwaka kamba zingeota kwekwe majini, na hakuna mtu anayetunza kamba kwa nusu mwaka.

Na dawa yake ilikuwa sentensi moja tu. Kinanda hakikukosea, nilikichomekea kadi. Aliiandaa mara nyingi. Kwenye foleni ya maharage aliiandaa. Chapeli aliiandaa, ingawa yeye Mwislamu na alikuwa amemsindikiza tu mwenzake. Kila ilipofika ulimini alikuwa akikutana na mtu anayempa mkono.

Alasiri alimkuta Tekla nyuma ya tangi la maji, ameketi chini na sare yake safi, analia bila sauti. Saumu alitaka kugeuka lakini alikwisha onekana.

"Niliiona ile namba," Tekla akasema. "Nilijua si ya kweli. Ningesema tu, mashine ina hitilafu, ngojeni. Lakini yule mgeni alikuwa ananitazama. Nikaisoma, Saumu. Mimi ndiye niliyemlisha yule bibi."

"Si kosa lako," Saumu akasema.

Ilikuwa kweli tupu, na alikuwa na uthibitisho mfukoni. Akakaa chini karibu naye, akamshika bega, na hakusema neno lingine lolote.

*

Alhamisi muuguzi aliwaambia wameutoa mpira na bibi anaongea. Saumu aliomba ruhusa ya kwenda kumwona. Kabla ya kwenda alijifungia maktaba akaandika maelezo. Shuleni kwao kila kosa lilianza kwa kuandika maelezo, na Saumu alikuwa bingwa wake. Alijua kuandika ukurasa mzima wa ukweli usiomshika mtu. Aliyaandika mara tatu. Nia yake ilikuwa kumsomea Bi Somoe kwanza, kama majaribio, halafu amwachie Madam Likwata mlangoni, bila sahihi.

Bi Somoe alikuwa ameegeshwa kwenye mito miwili. Alionekana mdogo kuliko kwenye ndoo yake.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba." Sauti ilikuwa ya mchanga. "Wananiambia umenileta kwa toroli. Ulilifuta kwanza?"

"Lilikuwa na samadi kidogo, Bibi."

"Ndiyo maana nimeota mnanisia kama mbegu." Akacheka, akakohoa, akashika koo. Saumu akamnywesha maji. Akangoja kikohozi kipite, akakunjua karatasi, akasema kuna maelezo ameyaandika kwa ajili ya shule na angependa ayasikie. Akasimama wima kama kwenye gwaride, akasoma.

"Inasadikika kwamba asubuhi ya Jumatatu, mwanafunzi mmoja ambaye jina lake halikuweza kufahamika mara moja, kwa nia njema ya kuchangamsha hafla, aliingiza katika Kinanda kadi isiyo ya siku hiyo. Mwanafunzi huyo hakutarajia kwamba."

Alisita, kwa sababu Bi Somoe alikuwa amefumba macho.

"Endelea. Mwanafunzi mmoja. Analala bweni gani?"

Saumu akaishusha karatasi.

"Mimi nitakusomea sehemu yangu," Bi Somoe akasema, macho bado yamefumbwa. "Ile ilikuwa Januari. Bi Harusi alikuwemo ndani, nilimsikia. Na Bi Harusi hakai nyumba moja na maji ya mto hata siku moja, nimekufundisha mwenyewe. Nikasimama pale ndoo mkononi nikasema, Somoe, umezeeka, masikio yamekwisha. Nikasema, kule juu yupo yule mtoto wangu, ana masikio ya miaka kumi na sita. Ingekuwa si kweli angeniambia." Akafumbua macho. "Nikaonja."

Karatasi ilikuwa imeanza kulowa vidoleni mwa Saumu.

"Ni mimi, Bibi."

"Najua ni wewe. Nimejua tangu nilipoweza kufikiri, nimelala hapa na bomba kooni nikijua." Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa gumu zaidi kulibeba. "Mimi umeniambia. Wenye ndoo je? Wao walidanganywa kutoka mnarani. Huwezi kwenda kuwanong'oneza mlangoni kwa Madam."

Saumu alisema watamfukuza shule. Bi Somoe alisema huenda. Akageukia ukuta, na Saumu akaelewa kwamba mazungumzo yamekwisha.

*

Ijumaa asubuhi chumba cha mnara kilijaa watu. Bwana Mtepa alikuwepo, na fundi wake mwenye bisibisi ambaye alikwisha fungua skrubu mbili za kabati la kioo. Walikuwa wamekubali Tekla atoe tangazo la mwisho, kwa heshima ya miaka ishirini na miwili. Tekla alikuwa na macho mekundu na hakuwa na hotuba yoyote.

Saumu alisogea akamwomba kipaza sauti. Madam Likwata alitabasamu, akidhani shujaa anataka kuaga.

Akabonyeza kitufe. Akakunjua ile karatasi, kwa sababu mkono wake ulihitaji kitu cha kushika.

"Enyi wakazi wa Rasi Namela," akasoma. "Inasadikika kwamba mwanafunzi mmoja."

Akatazama nje ya dirisha. Ufukoni wanawake walikuwa wamesimama na ndoo zao kama kawaida, kwa mazoea tu, kwa kuwa bahari ilikuwa imefungwa. Katikati yao kulikuwa na kiti cha plastiki cha buluu cha zahanati, na juu yake ameketi mtu aliyefunikwa khanga mbili, uso umeelekea mnarani.

Saumu akaikunja karatasi.

"Ni mimi. Saumu Nandonde, kidato cha tatu B. Jumatatu niliwapigia sauti ya Januari. Niliiweka mimi kwa kadi, kwa mzaha, nilitaka tumcheke Dada Mkuu. Kinanda hakina kosa. Kilikuwa kimeisikia Mei vizuri kabisa, mimi ndiye niliyekiziba mdomo. Niliwaona mkiingia majini. Nilikuwa dirishani nawaona. Halafu nikapewa cheti, nikakipokea." Akavuta pumzi. "Leo kuna aina kumi na moja. Sikilizeni wenyewe."

Akafungua sauti. Mkoromo ukatoka mnarani peke yake, mzito, karibu bila mwenzake, ukafunika shule na ufuko. Wanawake walisimama wakausikiliza hadi mwisho wa dakika. Kisha, mmoja baada ya mwingine, wakageuza ndoo.

Saumu akaichomoa kadi mfukoni, akaiweka mbele ya Bwana Mtepa. Afisa akaitazama, akaigeuza, akaitazama tena. Fundi alingoja aambiwe jambo, na alipoona haambiwi, akaokota skrubu mbili sakafuni na kuanza kuzirudisha polepole mahali pake. Madam Likwata alikuwa ameketi.

Tekla ndiye aliyemsogelea. Alisimama karibu sana, akauliza kwa sauti ndogo, ya mtu asiyetaka wengine wasikie.

"Nyuma ya tangi. Nilikuwa nalia mbele yako. Kwa nini hukuniambia?"

Saumu alikuwa na majibu mazuri matatu. Aliyatafuta yote, akayaona yalivyo.

"Kwa sababu ulikuwa unalia kwa niaba yangu," akasema, "na mimi nikaona nafuu. Nilifurahi kidogo, Tekla. Kwamba kuna mtu mwingine anayeibeba hatia yangu."

Ndipo Tekla alipotazama chini, naye Saumu akafuata macho yake, akakiona kidole gumba chake mwenyewe, cheupe kwa kukazwa, kikiwa bado kimebonyeza kitufe cha kipaza sauti.